Dola Zisizoonekana kwenye Droo: Kisa cha Kuhamisha Msimbo wa Depo Moja ya Lubumbashi kutoka Python 2 hadi Python 3

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea mwaka 2023 katika depo moja ya vinywaji iliyo komuni ya Katuba, mjini Lubumbashi, ambako nimekuwa nikiitunza programu ya mauzo kwa miaka kadhaa. Depo yenyewe si kubwa. Inauza kwa jumla: wenye baa na maduka madogo wa komuni za Katuba, Kenya na Ruashi huja asubuhi na chupa tupu, chupa huhesabiwa, mteja hulipa au huandikiwa deni, kisha hupakia kasie zake, yaani kreti za chupa, kwenye mkokoteni au pikipiki na kwenda zake. Programu ndiyo inayopiga hesabu ya chupa, inayotoa ankara, inayoandika daftari la mauzo, na inayomzuia mteja mwenye deni la zamani asichukue mzigo mwingine kabla ya kulipa. Iliandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Python, toleo la 2.7, mistari kama elfu nne hivi, na mtu aliyenitangulia ambaye aliijua kazi yake vizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu makosa makubwa nitakayoyaeleza hayakuwa yake. Yalikuwa yangu.

Kilichotulazimisha kuhama ni umeme. Usiku mmoja umeme ulirudi kwa kishindo baada ya kukatika, kompyuta ya depo ikaungua, na kilichosalimika ni diski yake tu. Kompyuta mpya niliiwekea mfumo wa uendeshaji wa Debian 12, uliokuwa umetolewa mwezi wa Juni mwaka huo huo, na toleo hilo halina tena Python 2 katika hazina yake ya programu. Linakuja na Python 3.11. Kwa hiyo jambo ambalo tulikuwa tumeliahirisha kwa miaka lilitufikia asubuhi moja, wateja wakiwa wamesimama mlangoni.

Si kwamba hatukuwa tumeonywa. Python 3.0 ilitolewa tarehe 3 Desemba 2008. Guido van Rossum, aliyeianza lugha hii mwishoni mwa mwaka 1989 huko Amsterdam, aliamua pamoja na wenzake kwamba toleo hilo lisiendane na yaliyotangulia, ili warekebishe mambo ambayo yasingeweza kurekebishwa pasipo kuvunja programu za watu, na kubwa kati ya hayo lilikuwa namna ya kushughulikia maandishi, ambayo katika Python 2 yalichanganywa na baiti ghafi, yaani zile namba ndogo ambazo kompyuta huhifadhia kila kitu. Python 2.7 ilitoka Julai 2010 iwe daraja la kuvukia. Mwisho wake ulikuwa umepangwa mwaka 2015, ukasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020, na toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, likatolewa tarehe 20 Aprili 2020. Tulipewa zaidi ya miaka kumi ya kuvuka, nasi katika depo yetu tuliimaliza yote bila kugusa mstari mmoja.

Jioni ile nilichukua njia iliyoonekana fupi. Kuna chombo kiitwacho 2to3, kilichokuwa kikitolewa pamoja na Python yenyewe, ambacho husoma msimbo wa zamani na kuuandika upya kwa sarufi mpya: huigeuza amri ya print iwe na mabano, huweka input mahali pa raw_input, hubadili majina ya moduli zilizohamishwa, na pale ambapo map au filter haileti tena orodha kamili, huizungushia list. Nilikiendesha juu ya mafaili yote. Yalibaki makosa machache ambayo programu iliyapigia kelele mara tu ilipoanza, na nikayarekebisha moja baada ya jingine hadi ilipofunguka bila malalamiko. Nikaandika ankara tano za majaribio, nikazichapa, nikazitazama. Zote zilikuwa sawasawa. Jumatatu tukafungua depo kwa programu iliyohamishwa, nami nikarudi nyumbani nikiamini kwamba kazi imekwisha.

Jumatano jioni mama mhasibu alinipigia simu. Daftari la mauzo lilisema dola nyingi kuliko zilizokuwamo kwenye droo, na tofauti hiyo ilikuwa ya karibu dola thelathini kila siku, tangu Jumatatu. Faranga za Kongo zilitimia bila kasoro. Dola peke yake ndizo zilizopungua. Katika depo ambako mtu mmoja tu ndiye anayeshika funguo za droo, habari ya namna hiyo ina maana moja, na nilipofika asubuhi iliyofuata nilimkuta kijana wetu wa droo amekaa pembeni, hakuna anayesema naye, akiwa ameshageuzia watu mifuko yake nje mara mbili. Alikuwa amefanya kazi pale miaka minne bila kupoteza hata noti moja.

Aliyemwokoa ni mama mhasibu mwenyewe, wala si mimi. Alikuwa na mazoea ambayo programu haikumfanya ayaache: jioni alizikusanya nakala za ankara zote, akazijumlisha kwa mashine yake ndogo ya mezani. Jumla ya ankara za karatasi ilikuwa sawa na fedha zilizokuwamo kwenye droo hadi dola ya mwisho. Jumla ya programu ndiyo iliyozidi. Akanitandikia karatasi mbele yangu akasema, “Mwanangu, ankara zako na daftari lako ni vya mashine moja, lakini havipatani. Nani kati yao mwongo?”

Hapo ndipo nilipofungua msimbo na kuusoma kwa mara ya kwanza kama unavyostahili kusomwa. Lazima nieleze kwanza namna tunavyolipana. Kwetu dola hutembea kwa noti tu; senti hazimo mkononi mwa mtu. Mteja anayedaiwa faranga 39,000, tukichukua mfano wa kiwango cha faranga 2,500 kwa dola, hulipa dola 15, na faranga 1,500 zinazobaki huzitoa kwa faranga. Programu ilifanya hivyo hivyo kwa mistari miwili: mmoja ulisema dola = jumla / kiwango, mwingine ulisema baki = jumla % kiwango, ambapo alama ya % huleta kinachobaki baada ya kugawanya. Katika Python 2, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili huleta namba kamili, na desimali hutupwa. 39,000 kugawanya kwa 2,500 huleta 15. Katika Python 3 alama ile ile ya mkwaju (/) huleta jibu lenye desimali, yaani 15.6. Ile 0.6 ya dola ndizo zile zile faranga 1,500 ambazo mstari wa pili ulikuwa umeshazihesabu. Kila ankara, baki iliandikwa mara mbili: mara moja kama faranga na mara moja kama sehemu ya dola ambayo hakuna aliyeilipa.

Lakini kwa nini ankara za karatasi zilikuwa sahihi? Kwa sababu mstari unaochapa ankara ulitumia alama ya %d, inayotaka namba kamili, na %d ikipewa 15.6 huichapa 15 kimya kimya, bila onyo, katika Python 2 na katika Python 3 pia. Karatasi ilionyesha 15. Daftari lilipokea 15.6. Ripoti ya siku ilijumlisha zile desimali zote, kisha ndipo ikakata sehemu ya mwisho peke yake. Depo hutoa ankara kama sitini kwa siku, na sehemu iliyokatwa huwa wastani wa nusu dola; piga hesabu mwenyewe, utazipata zile dola thelathini. Majaribio yangu matano yalikuwa yameangalia karatasi, mahali pekee ambapo kosa lilikuwa limefichika.

Tulimwita kijana, tukamweleza mbele ya wote, na mwenye depo akamwomba radhi. Mimi pia nilimwomba. Bado naona uzito wa jambo hilo kila nikikaa kuandika mkwaju kati ya namba mbili.

Kosa la pili la wiki ile lilikuwa la deni, na lilikuwa baya kwa namna nyingine. Hali ya kila mteja ilihifadhiwa katika faili ndogo ya gdbm, ghala sahili ambamo kila ufunguo una thamani yake. Namba ya mteja ndiyo ufunguo, na thamani ni neno moja, kama DENI au SAFI. Kabla ya kukubali mkopo programu iliuliza kama hali ni sawa na DENI. Sasa, katika Python 3 ghala hilo hurudisha baiti, halirudishi maandishi, na baiti zinazosomeka DENI si sawa na neno DENI. Ukizilinganisha, jibu ni hapana, bila kosa lolote kutokea. Kwa hiyo tangu Jumatatu, kwa macho ya programu, hapakuwa na mteja hata mmoja mwenye deni katika Lubumbashi nzima. Wawili waliokuwa wamefungiwa mkopo walichukua mzigo, mmoja akashangaa waziwazi na mwingine akanyamaza. Chombo cha 2to3 kilikuwa kimelibadili jina la moduli kutoka gdbm kuwa dbm.gnu kwa usahihi kabisa. Kisingeweza kufanya zaidi, kwa kuwa kinasoma sarufi tu, wala hakijui ni kitu gani kitakachotoka ndani ya faili siku programu itakapotembea.

Siku mbili tulirudi kwenye daftari la karatasi. Ndipo nikafanya nilichopaswa kukifanya kwanza: nilitengeneza nakala ya ile diski iliyosalimika, nikaiamsha ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayotembea ndani ya nyingine, kwenye kompyuta mpya, na programu ya zamani ikafunguka na Python 2.7 yake kama vile hakuna kilichotokea. Depo ikaendelea kufanya kazi juu yake. Hatua hiyo ilinichukua saa nne, na ilibadilisha kazi yote iliyobaki, kwa sababu iliniondolea haraka na kunipa shahidi. Maadamu toleo la zamani linatembea, unaweza kuliuliza chochote: ingekuwaje kwa ankara hii, kwa mteja huyu, kwa kiwango kile? Likishazimwa, unabaki na kumbukumbu za watu.

Nilichukua ankara za miezi mitatu iliyopita, kama elfu nne na mia tano, nikaandika programu ndogo ya kuzipitisha upya moja moja kama vile zinaingizwa leo, na kuhifadhi kila kitu kilichotoka: maandishi ya ankara, mstari wa daftari, hali ya mteja baada yake, na ripoti ya kila siku. Nilizipitisha kwanza katika toleo la zamani. Matokeo hayo nikayaweka kando kama kipimo. Kisha nikazipitisha katika msimbo uliohamishwa na kulinganisha herufi kwa herufi. Safari ya kwanza tofauti zilikuwa nyingi mno, lakini zilijipanga katika mafungu machache, na kila fungu lilikuwa na chanzo kimoja.

La kugawanya nilikuwa nalijua tayari, ingawa lilitokea pia mahali ambapo sikulifikiria, katika hesabu ya kasie: chupa 250 kwa kasie za chupa 12 huleta kasie 20 na chupa 10, na msimbo mpya ulikuwa unaandika kasie 20 na sehemu zake.

Fungu lililonifunza zaidi lilikuwa dogo: tofauti ya faranga 100 kamili, huku na kule, upande mmoja daima. Wateja wakubwa hupata punguzo la asilimia 5, na punguzo huzungushwa hadi faranga 100 iliyo karibu, kwa kuwa hakuna anayetaka kuhesabiana noti ndogo mlangoni. Msimbo uligawanya punguzo kwa 100.0, ukaita round, ukazidisha tena kwa 100. Kwa mzigo wa faranga 45,000 punguzo ni 2,250, likigawanywa ni 22.5. Python 2 huizungusha nusu kwenda juu, ikapata 23, yaani 2,300. Python 3 huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, ikapata 22, yaani 2,200. Ukiwa na mzigo wa 47,000, punguzo ni 2,350, nusu inaangukia kati ya 23 na 24, shufwa ni 24, na matoleo yote mawili yanakubaliana. Ndiyo maana kosa lilikuwa likitokea na kupotea. Kanuni mpya ina sababu nzuri: ukizungusha nusu zote kwenda juu, jumla ya mahesabu mengi huegemea juu kidogo kidogo, na kuzipeleka kwenye shufwa kunasawazisha. Kwa mtu anayepima vitu maabara ningeitetea kanuni hiyo. Kwa mteja wa Ruashi aliyezoea kwamba nusu ni yake, kumnyima faranga 100 leo na kumpa kesho bila sababu anayoiona ni kumvunjia neno. Tulibaki na kanuni ya zamani, lakini sasa tumeiandika wazi kwa moduli ya decimal, ambayo hukuruhusu kusema kwa jina kwamba nusu iende juu, na ambayo imo katika 2.7 kama ilivyo katika 3. Hakuna toleo litakalotubadilishia tena.

Kisha faini. Katika masharti ya mkopo, yaliyobandikwa ukutani nyuma ya kaunta, imeandikwa kwamba deni lililopita siku thelathini huongezwa asilimia 2 mwisho wa mwezi. Msimbo nao ulikuwa na mstari wa faini: deni kuzidisha kwa 2/100, ndani ya mabano. Katika Python 2, 2 kugawanya kwa 100 ni sifuri. Faini ilikuwa sifuri tangu siku ya kwanza ya programu, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna mteja anayelalamika kwamba hakutozwa faini. Chini ya Python 3 mstari ule ule, pasipo mtu kuugusa, ungeamka. Bahati yetu ni kwamba wiki ile ya makosa haikufika mwisho wa mwezi.

Hapa nilisimama kidogo, na naamini ndipo mahali ambapo wengi wetu tunaoandika programu hujichukulia mamlaka yasiyo yetu. Kwa sarufi, toleo jipya lilikuwa sahihi: lilifanya kile ambacho mwandishi alikusudia. Kwa karatasi ya ukutani pia lilikuwa sahihi. Lakini kwa wateja, desturi ya miaka yote ilikuwa kwamba faini haipo, na kuwatoza ghafla kwa sababu tumebadilisha kompyuta lilikuwa jambo la biashara, halikuwa la msimbo. Nilimpelekea mwenye depo orodha ya wateja na kiasi ambacho kila mmoja angetozwa mwezi ule. Aliisoma yote. Alisema faini ifutwe, na karatasi ya ukutani iandikwe upya, kwa kuwa hao wanaochelewa ndio hao hao waliombeba katika miezi mibaya. Nikaufuta mstari. Kama angesema itozwe, ningeiandika itozwe kuanzia tarehe atakayoitangaza.

Mambo ya maandishi yalinipotezea muda mwingi, ingawa hatari yake ilikuwa ndogo kwa kuwa mengi yake hupiga kelele. Orodha ya wateja ilitoka kwenye jedwali lililohifadhiwa kwa mpangilio wa herufi wa Windows, na majina yetu, kama yajulikanavyo, yamejaa herufi za Kifaransa. Jina kama Désiré, katika faili hiyo, lina é iliyoandikwa kwa baiti moja; Python 3 iliisoma ikitarajia UTF-8, mpangilio mwingine wa herufi, ambamo é huchukua baiti mbili, ikakataa palepale. Kuna dawa mbili za haraka ambazo nimeziona zikitumiwa na ambazo nazipinga kwa moyo wote. Ya kwanza ni kuiambia ipuuze isichokielewa, na Désiré akawa Dsir. Ya pili ni kuyasoma mafaili yote kana kwamba kila baiti ni herufi moja, njia ambayo haikatai kamwe, lakini faili iliyokuwa UTF-8 tangu mwanzo itakupa DÃ©sirÃ©, nawe utaihifadhi hivyo na kuichapa hivyo. Jina la mtu ni lake. Nilipitia kila mlango ambao maandishi huingilia au hutokea, nikaandika kwa kila mmoja mpangilio wake wa herufi, na ndani ya programu yakabaki maandishi matupu, bila baiti. Ghala la gdbm nalo likapata mlango wa namna hiyo, na swali la DENI likarudi kuwa na jibu la kweli.

Katika fungu hili toleo la zamani ndilo lililokuwa limekosea. Lilikuwa linakata majina marefu kwa kuhesabu baiti, si herufi. Kwalo Désiré lilikuwa na urefu wa 8 pindi lilipoandikwa kwa UTF-8, badala ya 6, na safu za ankara zilipinda kila penye é. Tofauti hizo nilizikubali na kuzisajili katika kipimo kama matokeo mapya yanayotakiwa.

La wateja wasio na kikomo cha mkopo lilikwisha kwa dakika chache: kikomo chao kilikuwa None, neno la Python la kusema hakuna thamani, Python 2 iliipanga None kabla ya namba zote, Python 3 hukataa kuvilinganisha, nikaandika kanuni ya kupanga.

Kuhusu mpangilio wa kazi ninalo neno la kusema kwa mkazo. Marekebisho haya yote sikuyafanya katika msimbo uliohamishwa na 2to3, huo niliuacha. Niliyafanya katika msimbo wa zamani, chini ya Python 2.7, moja baada ya jingine, na baada ya kila moja nikapitisha ankara zote upya. Python 2.7 yenyewe ina vifaa vya kazi hii: ukiiwasha kwa alama ya -3 hukuonya juu ya mambo ambayo Python 3 haiyakubali, na ukiongeza -Qwarn hukuonya kila namba kamili inapogawanywa kwa mkwaju wa kawaida. Onyo hilo la pili lingemwokoa kijana wetu kama ningelitumia siku ya kwanza. Kila mkwaju niliusimamia kwa swali moja: mwandishi alitaka namba kamili, au alitaka desimali? Alipotaka namba kamili niliweka mikwaju miwili, //, ambayo ina maana moja katika matoleo yote mawili. Kisha juu ya kila faili nikaandika mstari unaoiamuru 2.7 igawanye kwa kanuni ya Python 3. Kwa kufanya hivyo, kanuni mpya iliingia chini ya paa la zamani, mahali ambapo bado nilikuwa na shahidi wa kumuuliza. Kwa majina ya moduli yaliyobadilika nilitumia maktaba ndogo ya six, iliyoandikwa na Benjamin Peterson, yule yule aliyesimamia matoleo ya 2.7 hadi la mwisho.

Kazi hii ilichukua wiki tano za jioni na Jumapili. Mwishoni msimbo mmoja ulitembea katika 2.7 na katika 3.11, na ankara elfu nne na mia tano zikatoka sawa herufi kwa herufi pande zote mbili. Niliongeza pia kuiwasha 3.11 kwa alama ya -bb, ambayo hugeuza ulinganisho wa baiti na maandishi kuwa kosa linaloonekana. Sehemu mbili zaidi zikajitokeza, zote katika ripoti ambazo hutolewa mara moja kwa mwaka na ambazo miezi yangu mitatu isingezigusa. Hilo lilinikumbusha kuongeza ankara za Desemba katika kipimo.

Kwa wiki mbili zilizofuata matoleo mawili yalitembea sambamba. Depo ilifanya kazi juu ya lile la zamani, na usiku ankara za siku zilipitishwa katika jipya. Mama mhasibu alipewa ripoti zote mbili bila kuambiwa ipi ni ipi, akazilinganisha na karatasi zake. Siku kumi na mbili za kazi hakuna tofauti iliyoonekana. Jumapili ya pili, depo ikiwa imefungwa, tulibadilisha. Jumatatu jioni kijana wa droo alihesabu dola zake mbele yangu, akaandika jumla kwenye kipande cha karatasi kabla hajaiona ripoti, kisha akaifungua ripoti. Zilikuwa sawa.

Lile toleo la zamani bado limo katika mashine yake pepe, limezimwa, na nakala yake iko kwenye diski mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti. Msimbo sasa unapitishwa ankara zote kila ninapobadilisha jambo, na huwa nawasha maonyo ya vitu vinavyokaribia kuondolewa. Onyo la kwanza lilikuja mapema: ukurasa ambao mwenye depo husomea ripoti kwenye simu yake ulitumia moduli ya cgi, ambayo Python 3.11 ilikuwa imeshatangaza kwamba itaondolewa, na ambayo kweli iliondolewa katika Python 3.13 mnamo Oktoba 2024, pamoja na ile maktaba iliyokuwa ikibeba 2to3. Sehemu hiyo niliiandika upya mwaka 2023, tukiwa bado juu ya 3.11, toleo ambalo litatunzwa hadi Oktoba 2027. Ankara za kipimo zilipita, na mwenye depo hakujua kwamba kuna kitu kilichobadilishwa.